Nyota Mbili: Jinsi Sentensi za Kibantu Zilivyoanza Kulinganishwa

Lugha za Kibantu zinakadiriwa kufika 500, na zinasemwa kuanzia Kameruni na Kongo hadi pwani ya Kenya, kisha kuteremka mpaka Afrika Kusini. Undugu wao hauhitaji mtaalamu kuutambua. Mswahili husema mtu, Mkikuyu mũndũ, Mnyarwanda na Mzulu umuntu, Msotho motho, na msemaji wa Kilingala moto. Maneno ya namna hiyo yalianza kuorodheshwa na kulinganishwa tangu katikati ya karne ya 19. Sentensi zilikawia. Zaidi ya miaka 100 ilipita tangu kitabu kikubwa cha kwanza cha sarufi linganishi ya Kibantu mpaka wataalamu walipoanza kukutana makusudi ili kuulizana maswali ya aina hii: ikiwa Kiswahili kinaruhusu sentensi ya umbo fulani, je, Kichaga kinairuhusu? Na Kichewa? Na ikiwa lugha moja inakubali na ndugu yake inakataa, ni kitu gani kingine hubadilika pamoja na tofauti hiyo?

Sababu ya kukawia imo katika kazi yenyewe. Neno huweza kukusanywa na mtu asiyeijua lugha kabisa: huonyesha kitu kwa kidole, husikiliza, huandika. Ndivyo mmisionari Sigismund Koelle alivyofanya Freetown, Sierra Leone, alipowahoji watu waliokombolewa kutoka katika meli za watumwa na kuchapisha mwaka 1854 orodha ya takriban maneno na vifungu 300 katika lugha na lahaja zaidi ya 100. Ndivyo pia alivyofanya Johann Ludwig Krapf, aliyefika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1844, na mwaka 1850 akatoa msamiati wa lugha sita: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao, na Kioromo ambacho si cha Kibantu. Sintaksia, yaani mpangilio wa sentensi, haikusanyiki hivyo. Nusu ya habari zake imo katika sentensi ambazo hazisemwi, na sentensi isiyosemwa haisikiki sokoni wala haiandikwi katika hadithi. Sharti mtu aitunge, aiweke mbele ya msemaji, na msemaji aseme kwamba hapana, kwetu hatusemi hivyo. Kwa hiyo historia ya kulinganisha sentensi za Kibantu ni kwa sehemu kubwa historia ya nani alipewa nafasi ya kusema hapana.

Wilhelm Bleek, aliyezaliwa Berlin mwaka 1827 na kufia Cape Town mwaka 1875, ndiye aliyelieneza jina Bantu kwa familia hii. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoimaliza Bonn mwaka 1851, ilihusu jinsia na ngeli za nomino katika lugha za Afrika. Sehemu ya kwanza ya sarufi yake linganishi ilitoka mwaka 1862 nayo ilihusu sauti. Ya pili ilitoka mwaka 1869 na kuanza habari za upatanisho wa kisarufi, ikaishia kwenye nomino. Hakufika kwenye sentensi. Hata hivyo aliacha kifaa ambacho hakuna warsha ya leo inayoweza kukikosa: tarakimu za ngeli. Shuleni mwanafunzi wa Kiswahili hujifunza ngeli ya KI-VI, jambo linalofaa ndani ya Kiswahili peke yake. Anayelinganisha husema ngeli ya 7 na ya 8, ili ki- na vi- za Kiswahili, chi- na zi- za Kichewa, na isi- na izi- za Kizulu zikae safu moja.

Carl Meinhof aliziendeleza tarakimu hizo. Kitabu chake cha sauti za Kibantu kilitoka mwaka 1899 na cha sarufi linganishi mwaka 1906. Miaka michache baadaye akawa profesa Hamburg. Kazi yake juu ya sauti ilikuwa imara na bado inaheshimiwa. Mafundisho yake mengine, hasa ya mwaka 1912 yaliyopanga lugha za Afrika kwa daraja na kuzipa zile alizoziita za Kihamiti heshima ya kuwa za watawala waliostaarabika zaidi, hayakuwa na msingi, na Joseph Greenberg aliyabomoa katika uainishaji wake wa mwaka 1963. Ni vyema jambo hili litajwe wazi, kwa sababu linaonyesha udhaifu wa ulinganishi wenye mwamuzi mmoja tu. Mtu mmoja mezani Hamburg aliamua nini kinafanana na nini, na wenye lugha hawakuwapo kumpinga.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na vikao vya lugha. Mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 na ule wa Mombasa wa mwaka 1928 uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kisha Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, vyote vilishughulika na tahajia, msamiati na vitabu vya shule. Sarufi ya sentensi iliachiwa waandishi mmoja mmoja, kama E. O. Ashton ambaye kitabu chake cha mwaka 1944 kilisomesha vizazi viwili vya walimu. Ulinganishi na lugha jirani haukuwa ajenda.

Watu wawili wa katikati ya karne ya 20 ndio walioweka msingi ambao wanasintaksia wangeujengea. Malcolm Guthrie wa London aligawa Kibantu katika kanda zenye herufi mwaka 1948. Kiswahili kikawa katika kanda G, na Kiunguja kikapewa alama G42d. Kati ya mwaka 1967 na 1971 alitoa juzuu nne za ulinganishi zenye mizizi ya maneno zaidi ya 2,000 iliyokadiriwa kuwa ya kale, kila mmoja ukitanguliwa na nyota: *-ntu, *-tatu, *-gend-. A. E. Meeussen, Mbelgiji aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la Tervuren, alikuwa mtu wa maneno machache. Mwaka 1967 alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kibantu cha kale katika kurasa zisizofika 50, na katika kurasa hizo alipita kwenye nomino, kitenzi, na kugusa sentensi. Miaka minane kabla yake, katika sarufi ya Kirundi ya mwaka 1959, alikuwa ameeleza jambo ambalo wengi walilipita: kitenzi cha Kirundi kina maumbo mawili kwa wakati uleule, moja linaloambatana na neno linalofuata na jingine linalojitegemea. Kizulu kinalo pia. Mzulu husema ngidla inyama, nakula nyama, lakini akiishia kwenye kitenzi husema ngiyadla. Kiswahili hakina mgawanyo huo. Katika miaka ya 1950 hakuna aliyejua kwamba jambo hilo lingekuja kujaza vitabu.

Msukumo wa kuitazama sentensi kwa makini ulitoka katika isimu ya Marekani baada ya Noam Chomsky kuchapisha kitabu chake cha kwanza mwaka 1957. Kipimo chake kilikuwa hukumu ya msemaji, na alama ya sentensi iliyokataliwa ikawa nyota. Hapo ndipo taaluma hii ilipojikuta na nyota mbili zisizo na uhusiano. Nyota ya Guthrie huwekwa mbele ya umbo ambalo hakuna mtu aliye hai aliyelisikia, lakini mtaalamu anaamini lilikuwapo. Nyota ya mwanasintaksia huwekwa mbele ya sentensi ambayo yeyote anaweza kuitunga, lakini wenye lugha wanaikana. Ya kwanza hupatikana maktabani kwa kulinganisha orodha. Ya pili haipatikani bila mtu.

Na watu wakaanza kupatikana, kwa sababu baada ya uhuru wanafunzi wa Kiafrika walikwenda kusoma isimu ng'ambo na lugha zao mdomoni. Mkutano wa kila mwaka wa isimu ya Afrika ulioanzia Urbana, Illinois, mwaka 1970 uliwapa jukwaa. Mwaka 1976 Eyamba Bokamba kutoka Kongo alikamilisha tasnifu juu ya uundaji wa maswali katika lugha kadhaa za Kibantu, zikiwamo Kidzamba na Kilingala; ni miongoni mwa kazi za mapema zilizolinganisha jambo moja la kisintaksia katika lugha ndugu. Mwaka 1977 chuo kikuu kimoja cha Los Angeles kilitoa kitabu cha sarufi ya Kihaya kilichotokana na darasa la utafiti, na Ernest Rugwa Byarushengo akawa mmoja wa wahariri watatu pamoja na Alessandro Duranti na Larry Hyman. Alexandre Kimenyi wa Rwanda aliandika sarufi ya Kinyarwanda iliyochapishwa mwaka 1980, na kwa muda mrefu hakuna mwanasintaksia aliyeweza kuzungumzia yambwa, yaani nomino inayotendwa au kutendewa, bila kuitaja sarufi hiyo. Upande wa Kiswahili, Wilfred Whiteley alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1968 kwamba uhusiano wa kitenzi na nomino zake si mwepesi kama vitabu vya shule vilivyodai: sentensi kama chumba hiki kinalala watu wawili haifuati kanuni ya kwamba kiima ni mtenda.

Kuhusu namna ya kulinganisha, mabadiliko yalikuja kutoka Pisa, Italia. Katika kikao cha mwaka 1979 Chomsky alitoa mihadhara iliyochapishwa mwaka 1981, na humo akapendekeza kwamba lugha zote zina kanuni za pamoja zenye vigeugeu vichache ambavyo kila lugha huvipanga kivyake. Kigeugeu kimoja kikibadilika, mambo mengi hubadilika pamoja nacho. Wazo hilo liliipa thamani mpya familia ya lugha zinazokaribiana. Ukilinganisha Kiswahili na Kijapani, tofauti ni nyingi mno kiasi kwamba huwezi kujua ipi imesababisha ipi. Ukilinganisha Kiswahili na Kisambaa, karibu kila kitu kimetulia, na tofauti moja husimama peke yake ikachunguzika. Wataalamu wa lugha za Kijerumani na za Skandinavia walilishika wazo hilo mapema, na kuanzia miaka ya 1980 wakawa na warsha zao za kila mara za kulinganisha nafasi ya kitenzi. Wa Kibantu walikuwa na hazina kubwa zaidi, ila hawakuwa na kikao chao.

Kazi iliyofungua mlango ilikuwa ya watu wawili wawili. Joan Bresnan wa Stanford alishirikiana kwanza na Sam Mchombo wa Malawi. Makala yao ya mwaka 1987 ilihusu kiambishi cha yambwa katika Kichewa. Sentensi waliyoifanya maarufu inasema nyuki waliwauma wawindaji: njuchi zinaluma alenje. Bila kiambishi cha yambwa, alenje sharti likae karibu na kitenzi, na njuchi peke yake ndilo linaloweza kuhama mwanzo au mwisho. Kikiingia kiambishi, zinawaluma, maneno matatu yanaweza kupangwa kwa njia zote sita. Waandishi walihitimisha kwamba kiambishi hicho ni kiwakilishi kamili, na nomino inayotajwa ni mada iliyo nje ya kirai cha kitenzi. Mswahili anayesoma hoja hiyo hushtuka, maana kwake nilimwona Juma ndiyo sentensi ya kawaida, na kuondoa -mw- huifanya ichechemee hata kama Juma hakuhama. Kiambishi kile kile, nafasi ile ile katika kitenzi, kazi tofauti.

Kisha Bresnan akafanya kazi na Lioba Moshi, Mtanzania aliyekuwa na Kivunjo, Kichaga cha upande wa mashariki wa Kilimanjaro, kama lugha yake. Makala yao ya mwaka 1990 ilibeba katika kichwa chake maneno yenye maana ya sintaksia linganishi ya Kibantu, na inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa kuwa warsha nyingi zilizofuata zilikuwa ama zinaitetea ama zinaipinga.

Swali lilihusu vitenzi vyenye yambwa mbili. Kwa Kiswahili, mama alimpikia mtoto chakula ina yambwa tendewa, mtoto, na yambwa tendwa, chakula. Ikigeuzwa kuwa kauli ya kutendwa, mtoto hupanda na kuwa kiima: mtoto alipikiwa chakula. Chakula hakipandi: chakula kilipikiwa mtoto ni sentensi ambayo wasemaji wengi wa Kiswahili sanifu huiwekea nyota. Vilevile kiambishi cha yambwa humrejelea mtoto, alimpikia, wala si chakula: *alikipikia mtoto chakula. Kichewa kinafanya vivyo hivyo. Kivunjo hakifanyi. Mchaga anaweza kupandisha yambwa yoyote kati ya hizo mbili, anaweza kuweka kiambishi cha yoyote, na anaweza kuweka viambishi vya zote pamoja. Kimenyi alikuwa ameonyesha mambo yanayofanana na hayo kwa Kinyarwanda. Bresnan na Moshi walidai kwamba tofauti zote hizo ni matokeo ya kigeugeu kimoja, na kwamba lugha za Kibantu zinagawanyika katika kundi lenye yambwa linganifu na kundi lenye yambwa zisizo linganifu.

Dai hilo lilikuwa na uzuri wa kupimika. Mtu wa lugha yoyote aliweza kulipeleka nyumbani na kulijaribu kwa sentensi kumi. Mwaka uliofuata, 1991, katika mkutano wa kila mwaka wa isimu wa Berkeley, Josephat Rugemalira alisimama na swali: lugha linganifu ni lugha gani hasa? Yeye ni msemaji wa Kinyambo cha Karagwe, na tasnifu yake ya mwaka 1993 ilihusu vinyambuo vya kitenzi cha lugha hiyo. Alionyesha kwamba mstari kati ya makundi mawili haunyooki. Ndani ya lugha moja ujenzi mmoja huwa linganifu na mwingine usiwe, na mambo kama uhai wa kinachorejelewa na hatari ya kutoeleweka nani kafanya nini huamua kinachokubalika. Pingamizi hilo limedumu. Leo si rahisi kumpata mtafiti anayesema kwamba lugha nzima ni linganifu; husema kwamba ujenzi fulani, kwa kitenzi fulani, ni linganifu. Maendeleo hayo yasingepatikana kama Kinyambo kingekuwa mfano tu katika kitabu cha mtu mwingine.

Mada nyingine iliyofaa kulinganishwa ilikuwa mahali pa kutangulia kitenzi. Mchewa husema kumudzi kunabwera alendo, na Mswahili kijijini kulifika wageni: mahali ndipo panapopatana na kitenzi, na mtenda huja nyuma. Bresnan na Jonni Kanerva waliieleza hali hiyo ya Kichewa mwaka 1989. Kichewa na Kiswahili vina viambishi vitatu vya mahali kwenye kitenzi, na tofauti ya kuko, papo na mumo bado ni hai: msituni mnaishi simba. Kwa Kitswana na Kisotho kiambishi kimebaki kimoja tu, na kwa Kizulu ku- imekuwa kijazo kisichorejelea mahali. Vitenzi vinavyoruhusiwa navyo hutofautiana. Katherine Demuth na Sheila Mmusi walionyesha mwaka 1997 kwamba lugha za kusini zinaruhusu vitenzi ambavyo Kichewa hukataa. Mtu akizipanga lugha hizi kutoka kaskazini kwenda kusini huona kiambishi kikipungukiwa maana hatua kwa hatua, na sintaksia ikipanuka kadiri maana inavyopungua.

Kwa miaka ya 1990 mijadala hii ilitawanyika katika mikutano mikubwa. Kongamano la dunia la isimu ya Afrika lilianza Swaziland mwaka 1994, likaenda Leipzig mwaka 1997 na Lomé mwaka 2000, lakini humo Kibantu kilikuwa upande mmoja tu wa bara zima. Kikao maalumu kilikuja baada ya mwaka 2003, pale wataalamu wa London, Berlin na Leiden walipounda mtandao wa utafiti wa sarufi ya Kibantu ulioendelea mpaka mwaka 2006. Makala zake zilitoka Berlin mwaka 2006 na London mwaka 2007. Kutoka hapo ukazaliwa mfululizo wa makongamano ya kimataifa ya lugha za Kibantu: Göteborg mwaka 2007, Tervuren mwaka 2009, Berlin mwaka 2011, Paris mwaka 2013, Helsinki mwaka 2016, Cape Town mwaka 2018. Orodha hiyo inaumiza kidogo kuisoma. Zaidi ya miaka kumi ya vikao kuhusu lugha za Afrika ilipita kabla ya mfululizo huo kutua Afrika, na kila mara msemaji mwenye hukumu bora alihitaji viza na nauli ili hukumu yake isikike.

Ndani ya ukumbi, desturi ni ile ile popote. Mtoa mada hupewa dakika 20 au 30 na muda mfupi wa maswali. Mifano hugawiwa kwa karatasi au huonyeshwa ukutani kwa mistari mitatu: sentensi yenyewe, kisha sentensi ikiwa imekatwa vipashio na kila kipashio kikiwekewa maana au tarakimu ya ngeli, kisha tafsiri. Alimpikia huandikwa a-li-m-pik-i-a, na chini yake hufuata kiima cha ngeli ya 1, wakati uliopita, yambwa ya ngeli ya 1, pika, kinyambuo cha kutendea, irabu tamati. Mstari huo wa kati ndio unaomwezesha Mzulu kusoma Kikuria bila kukijua. Sehemu yenye faida kubwa huja baadaye, maswali yanapofunguliwa na mtu wa nyuma anaposema kwamba katika lugha yake sentensi yenye nyota haina tatizo, mradi kiulizi kitangulie au nomino iwe ya mtu. Mara nyingi masharti ya namna hiyo, ambayo mtoa mada hakuyafikiria, ndiyo yanayozaa makala inayofuata.

Mazungumzo hayo yalihitaji kuratibiwa, la sivyo kila mmoja angekuja na swali lake na majibu yasingelingana. Mwaka 2007 Lutz Marten, Nancy Kula na Nhlanhla Thwala walichapisha seti ya maswali ya kulinganishia lugha kumi za Kibantu za mashariki na kusini: je, kiambishi cha yambwa kinaweza kukaa pamoja na yambwa yenyewe? Je, viambishi viwili vinaruhusiwa? Je, kuna maumbo mawili ya kitenzi kama ya Kirundi? Mradi wa London ulioanza mwaka 2014 uliikuza orodha hiyo hadi maswali 142. Katika suala la viambishi vya yambwa peke yake picha inayotokea ni pana: Kilingala hakina hata kimoja isipokuwa cha kujirejelea, Kiswahili na Kichewa huruhusu kimoja, Kihaya, Kinyarwanda, Kichaga na Kisambaa huruhusu zaidi. Kristina Riedel alipoandika tasnifu juu ya Kisambaa huko Leiden mwaka 2009, alionyesha kwamba Kisambaa, kilicho karibu sana na pwani, huwalazimisha wasemaji kuweka kiambishi kwa majina ya watu kama Kiswahili, na papo hapo huruhusu viambishi kadhaa kama Kihaya. Sifa mbili zilizodhaniwa kwenda pamoja zimeachana.

Yale maumbo mawili ya kitenzi aliyoyaeleza Meeussen nayo yalipata haki yake. Jenneke van der Wal, aliyeanza na Kimakhuwa cha Msumbiji, alihariri pamoja na Hyman kitabu kizima juu yake mwaka 2017. Baadaye aliongoza mradi wa Leiden kuhusu sintaksia na mpangilio wa taarifa, ambamo lugha kama Rukiga, Kirundi na Kîîtharaka zilichunguzwa na watafiti ambao ni wasemaji wake.

Vyuo vya Afrika Mashariki viliingia kwa njia zao. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa mwaka 1999 Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu ya Massamba, Kihore na Hokororo, na kwa hicho mwanafunzi akapata istilahi za kujadilia kirai, kishazi na yambwa kwa Kiswahili. Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulituma wahitimu kwenda vijijini kwao kuandika sarufi na msamiati, na mwaka 2009 ukatoa atlasi ya lugha za nchi. Mwaka huohuo shule ya isimu ya Afrika ilifanyika kwa mara ya kwanza mjini Accra, ili wanafunzi wa bara wapate mafunzo ya juu bila kwenda ng'ambo. Ubora wa ulinganishi hutegemea kazi hizo kuliko unavyotegemea nadharia yoyote: lugha isiyo na sarufi iliyoandikwa na msemaji aliyefunzwa huingia katika jedwali la maswali 142 ikiwa na mapengo, na mapengo hayo huchukuliwa haraka mno kuwa majibu ya hapana.

Nyota mbili hatimaye zilikutana Ghent, Ubelgiji, Novemba 2018, katika kongamano la kuijenga upya sarufi ya Kibantu cha kale, miaka 50 na ushei baada ya muhtasari wa Meeussen. Mpaka hapo waliotafuta asili walikuwa watu wa sauti na maneno, na waliopima sentensi walikuwa watu wa lugha za leo. Suala gumu zaidi lililowaunganisha ni la kitenzi chenyewe. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiima, wakati, yambwa, mzizi na vinyambuo katika neno moja, na Meeussen alikadiria kwamba Kibantu cha kale kilikuwa hivyo. Lugha za kaskazini-magharibi, huko Gabon na huko Kameruni ambako familia inadhaniwa kuanzia, mara nyingi hutenganisha vipande hivyo, na nyingi hazina kiambishi cha yambwa ndani ya kitenzi. Derek Nurse, katika toleo lile la London la mwaka 2007, aliuliza waziwazi kama kitenzi cha kale kilikuwa kimeungana au kimetengana. Tom Güldemann ametetea kwamba muungano ulikuja baadaye, maneno madogo yalipogandamana na mzizi. Wengine wanaona kwamba lugha za magharibi ndizo zilizoporomosha viambishi kwa sababu mashina yake yalifupika. Uamuzi unategemea sintaksia: ikiwa viambishi vya yambwa vya Kichaga, Kihaya na Kisambaa hufuata mpangilio mmoja na masharti yanayofanana, ni vigumu kusema kila lugha ilivibuni peke yake; ikiwa masharti yanatofautiana kama yale ya Kichewa na Kiswahili, njia ya kugandamana mara kadhaa hubaki wazi.

Makala za Ghent zilitoka mwaka 2022 katika kitabu kilichohaririwa na Koen Bostoen na wenzake, nacho husomwa bure na yeyote mwenye intaneti. Waandishi wake hawakuafikiana juu ya kitenzi. Funzo linalobaki ni la utaratibu: umbo la sentensi lisipewe nyota ya ukale mpaka liwe limepimwa kwa wasemaji wa lugha za kanda mbalimbali, zikiwamo zile za kaskazini-magharibi ambazo bado zimeandikwa kidogo kuliko nyingine zote.